Ukuta wa pamoja unapopasuka, nani amchague mpima?

"Mtaalamu, habari za kazi. Tunaishi Isamilo, Mwanza, kwenye mteremko. Kiwanja kina hati kwa jina la marehemu mume wangu. Kati yetu na jirani wa chini, Baba Rehema, kuna ukuta wa tofali za nchi sita ambao mume wangu na mwenye kile kiwanja wa zamani waliujenga kwa kuchangiana. Upande wangu udongo umefika kiunoni, upande wake ni chini. Sasa Baba Rehema ameanza kuchimba msingi wa vyumba vya kupangisha, hatua moja tu kutoka ukutani, na ukuta umepata ufa unaopanda kama ngazi. Nilipomfuata, alileta futi kamba, akapima kutoka bikoni (jiwe la mpaka) ya barabarani hadi ukutani, akapata mita 30 na sentimeta 80. Ramani ya hati yangu inasema mita 30. Kwa hiyo anasema nimemla sentimeta 80, ukuta uko kwake na ataubomoa. Anasema ataleta mpima wake. Mdogo wangu aliyeko London ananiambia nami nichague wangu, kisha wapima wawili wamchague wa tatu, na watakachosema ndiyo mwisho. Mwenyekiti wa mtaa anataka tumalizie kwake. Nifanye nini, na nani alipe?"

Dada yangu, kabla ya habari ya mpima, kuna shimo. Ukisoma barua hii asubuhi, nenda mchana huu huu ukamwombe Baba Rehema asichimbe zaidi upande wa ukuta mpaka mhandisi apite. Mwombe kwa upole, mbele ya mjumbe au mtu mzima anayemheshimu. Usimwambie lolote kuhusu mpaka. Mwambie kwamba mafundi wake ndio wanaoinama ndani ya ule mtaro, na kwamba ukuta ukilala utawalalia wao kwanza. Nimeona ugomvi mwingi wa mipaka ukingoja miezi bila madhara makubwa. Udongo haungoji, hasa mvua za vuli zikianza.

Nikueleze kwa nini nina wasiwasi. Ukuta wa tofali za nchi sita unajengwa kuzuia macho na wezi. Ukiujazia udongo upande mmoja hadi kiunoni unaupa kazi nyingine kabisa, ya kuzuia mlima. Udongo ukiwa mkavu, ukuta huweza kuvumilia miaka. Ukilowa, mambo hubadilika. Chukua maji peke yake: yakisimama nyuma ya ukuta kwa kimo cha mita 1, yanausukuma kwa nguvu inayolingana na uzito wa kilo 500 kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Yakisimama kwa kimo cha mita 2, nguvu hiyo haiwi kilo 1,000, inakuwa kilo 2,000. Kimo kikiongezeka mara mbili, msukumo huongezeka mara nne, na udongo nao hufuata kanuni hiyo hiyo kwa kiwango chake. Sasa tazama anachofanya jirani yako. Akichimba kina cha mita moja mbele ya ukuta, hata kama hajaugusa, kimo kinachohitaji kuzuiwa kimeongezeka kwa mita nzima.

Halafu kuna msingi wenyewe. Mafundi wazuri hutumia kipimo rahisi: kutoka ukingo wa chini wa msingi uliopo, piga mstari wa kufikirika unaoshuka kwa pembe ya nyuzi 45, yaani kila mita moja ya kwenda chini, mita moja ya kwenda pembeni. Udongo ulio ndani ya mstari huo ndio unaoubeba ukuta. Hatua moja ya mtu mzima ni kama sentimeta 75. Kwa hiyo mtaro wake ukishuka zaidi ya sentimeta 75 chini ya msingi wa ukuta wenu, unakata udongo unaoubeba ukuta. Ufa unaopanda kama ngazi, ukifuata viungo vya saruji kati ya tofali na tofali, mara nyingi ni dalili kwamba upande mmoja wa msingi unakaa chini kuliko mwingine. Ni dalili tu, si hukumu. Chora kwa penseli mistari miwili au mitatu inayovuka ufa, andika tarehe pembeni, piga picha ukiwa umeweka rula ionekane. Rudia kila baada ya siku tatu. Watoto na wapangaji wasipite wala kukaa karibu na ukuta, kwako na kwake.

Na hapa sina budi kukwambia jambo ambalo huenda hukulitegemea. Si lazima kosa lote liwe la Baba Rehema. Nani alijaza udongo ule hadi kiunoni? Maji ya bati lako yanaangukia wapi? Je, ukuta una matundu ya kutolea maji chini, au yaliwahi kuwepo yakazibwa kwa plasta? Ukuta wa nchi sita uliobeba udongo bila matundu ulikuwa na tatizo kabla ya sururu ya kwanza ya jirani yako. Mhandisi akija ataliona hilo mara moja, nami ningependa ulijue kabla yake, ili usije ukaenda kwenye baraza na madai yanayokatika katikati.

Sasa turudi kwa swali lako la mpima.

Neno la Kiingereza ambalo mdogo wako analitumia huko London, "surveyor", linabeba watu ambao sisi kwa Kiswahili tumewatenganisha vizuri. Mpima ardhi anaonyesha mpaka uliposajiliwa. Mhandisi wa majengo anaeleza ukuta unapasuka kwa nini na utazuiwaje. Mkadiriaji majenzi anapiga hesabu ya gharama za kuurudishia. Mthamini anasema mali ina thamani gani. Wewe umeandika "mpima" ukitaka akuambie mpaka, chanzo cha ufa, na nani alipe. Mpima ardhi ana jibu la swali la kwanza tu. Akikuandikia ripoti inayosema "ukuta umeharibiwa na jirani", wakili wa upande wa pili ataichana kwa swali moja: wewe ni mhandisi?

Utaratibu anaousema mdogo wako upo kweli. England na Wales wana sheria ya kuta za pamoja ya mwaka 1996. Anayetaka kuugusa ukuta wa pamoja anampa jirani notisi ya maandishi miezi miwili kabla, na anayetaka kuchimba karibu, kwa kina kinachopita msingi wa jirani, anatoa ya mwezi mmoja. Jirani asipojibu ndani ya siku 14, au akikataa, sheria inahesabu kwamba kuna mgogoro. Hapo wanachagua mtaalamu mmoja wa pamoja, au kila mmoja wake, na hao wawili mapema kabisa wanamteua wa tatu wa kuamua wakishindwana. Uamuzi wao unawafunga wote, isipokuwa mtu akate rufaa mahakamani ndani ya siku 14. Kwa kawaida anayejenga ndiye anayelipa. Ni utaratibu mzuri, nami nautamani.

Lakini mambo mawili hayakufika kwenye simu yenu. La kwanza, huko kwenyewe wataalamu hao wanashughulikia kazi: ichimbwe vipi, saa ngapi, ukuta ulindwe vipi, uharibifu ulipwe vipi. Hawana kazi ya kuamua mpaka uko wapi. Mgogoro wa mpaka una njia yake nyingine. La pili, Tanzania hatuna sheria inayompa mpima mamlaka ya namna hiyo. Hapa maoni ya mtaalamu ni ushahidi. Baraza au mahakama huyapima pamoja na ushahidi mwingine, na haifungwi nayo. Kwa hiyo ukileta wako, na Baba Rehema akaleta wake, mtakuwa na ripoti mbili, gharama mbili na hasira mbili, bila mtu wa tatu mwenye nguvu ya kuziunganisha.

Ndiyo maana ushauri wangu ni mmoja, nami nausimamia: chagueni mpima mmoja, kwa barua moja mliyoisaini wote wawili, kabla hajakanyaga kiwanja. Nimefanya kazi hii kwa miaka mingi katika vilima hivi vya mawe, na nilichojifunza ni kwamba watu hawaikatai ripoti kwa sababu ya namba zilizomo. Wanaikataa kwa sababu ya nani alimleta aliyeiandika. Mpima aliyeshushwa na gari la jirani yako, akanywa chai sebuleni kwa jirani yako, anaweza kuwa mwaminifu kama jua, lakini wewe hutamwamini. Naye Baba Rehema hatamwamini wako. Chombo ni kile kile, hesabu ni zile zile.

Barua hiyo iandikwe kwa Kiswahili cha kawaida. Iwe na namba za viwanja vyote viwili na kitalu. Iseme kazi ni nini: kutafuta mawe ya mpaka wenu wa pamoja, kufufua yaliyopotea kwa kufuata ramani ya upimaji iliyoidhinishwa, na kuonyesha ukuta umekaa wapi ukilinganisha na mstari huo, mwanzo hadi mwisho, kwa sentimeta. Iseme wote mtakuwepo siku ya kupima, pamoja na mwenyekiti wa mtaa kama shahidi. Iseme ripoti itatolewa kwenu wote kwa siku moja, na kwamba hakuna atakayempigia mpima simu peke yake kuhusu matokeo. Mkikubaliana mapema kwamba mtayafuata matokeo, huo unakuwa mkataba kati yenu, na hicho kipande kimoja ningependa wakili akiandike. Malipo gaweni nusu kwa nusu. Najua unahisi yeye ndiye aliyeanza na alipe yote. Lipa nusu yako. Aliyelipa nusu ana sauti nusu, na mpima anayelipwa na pande mbili hana bosi hata mmoja. Gharama zenyewe ziombeni kwa maandishi, zikitenganisha kutafuta kumbukumbu ofisini, siku ya uwanjani, mawe mapya kama yatahitajika, na ripoti.

Mtampata wapi? Anzeni ofisi ya ardhi ya Jiji la Mwanza, maana Isamilo iko Nyamagana. Wenzenu wa Kirumba, Pasiansi au Kiseke wangeanzia Manispaa ya Ilemela. Mpima wa halmashauri yuko karibu na kumbukumbu na si mtu wa upande wowote, ila foleni yake huwa ndefu. Mpima wa kampuni binafsi huja haraka zaidi. Kwa huyo ombeni cheti cha usajili katika baraza la kitaifa la wapima na leseni yake ya kazi iliyo hai, mvisome kwa macho yenu. Wapo vijana wenye vifaa vizuri wanaozunguka mitaani wakipima viwanja, na baadhi wana ujuzi, lakini ripoti isiyo na saini ya mpima aliyesajiliwa haitakufikisha popote. Mwulizeni pia kama amewahi kumfanyia kazi mmoja wenu. Kama amewahi, mtafuteni mwingine, hata kama ni mtu mwema.

Kuna jambo linalokuhusu wewe peke yako. Hati iko kwa jina la marehemu. Je, umeteuliwa na mahakama kuwa msimamizi wa mirathi? Mjane hawi msimamizi kwa kuwa mjane tu, wala mtoto wa kwanza kwa kuwa wa kwanza. Kama bado, barua ya kumteua mpima utakayoisaini inaweza kukataliwa kesho na jirani, au hata na ndugu wa mume, kwamba hukuwa na mamlaka. Kikao cha ukoo kikae, muhtasari uandikwe, uende mahakamani kuomba uteuzi. Hili lifanye sambamba na mengine, usisubiri lifike kwenye kesi. Kwa upande wa jirani nako hakikisha unayesaini naye ndiye mwenye kiwanja. Wapo wanaojenga kwenye viwanja vya kaka zao walioko Dar es Salaam au Geita, wakasaini kila kitu kama chao.

Siku ya kupima mtegemee nini? Watu wengi wanadhani mpima anafika, anasimamisha kile chombo cha miguu mitatu, chombo kinamwambia mpaka. Kazi kubwa hufanyika kabla. Anachukua ramani ya upimaji ya kitalu chenu, si kile kipande kilichobandikwa kwenye hati peke yake, pamoja na namba zinazoonyesha kila jiwe lilipo. Uwanjani anaanza kutafuta mawe ya asili kwa jembe na sululu: nondo fupi iliyoshikwa na zege, mara nyingi futi moja au mbili chini ya kifusi. Jiwe la asili ambalo halijasogezwa lina uzito kuliko namba, kwa sababu namba ziliandikwa kuelezea jiwe, jiwe halikuwekwa kuelezea namba. Akishalipata moja, anapima hadi la viwanja vya jirani kuhakikisha yanakubaliana, ndipo anafufua lililopotea. Hawezi kuhamisha mpaka kwa huruma wala kwa makubaliano yenu ya pale pale. Kubadili mpaka uliosajiliwa ni shughuli nyingine, yenye maombi na kuidhinishwa. Na mtu asiguse bikoni yoyote sasa, hata ikiwa imelala pembeni. Kung'oa au kusogeza alama ya upimaji ni kosa la jinai.

Viwanja vingi vya zamani vilipimwa kwa mfumo wa namba unaoitwa Arc 1960, na siku hizi nchi inatumia mfumo mpya wa TAREF11. Namba za zamani zikiingizwa kwenye chombo kipya bila kubadilishwa, jiwe linaweza kuonekana limeruka mamia ya mita. Kosa kubwa hivyo kila mtu analiona. Linalonitia hofu ni la sentimeta 40, la mtu aliyebadilisha namba haraka bila kuhakiki kwenye mawe yaliyopo. Mwombeni mpima wenu awaonyeshe aliyahakiki wapi. Kuhusu programu za simu zinazochora viwanja, msizitumie kwenye jambo hili hata kwa majaribio. Simu hukosea kwa mita kadhaa, na ukuta wenu una upana wa sentimeta 15 tu kabla ya plasta.

Majibu yanaweza kuwa matatu. Ukuta unaweza kuwa umekaa katikati ya mstari, kama ambavyo waliochangiana hupenda kujenga. Hapo ni wenu wote, gharama za kuuimarisha mtazungumza pamoja, na mmoja hawezi kuubomoa kama chake. Unaweza kuwa umekaa kwako wote, basi ni wako na mzigo wake ni wako, ila aliyeuharibu kwa kuchimba ana la kujibu. Au unaweza kuwa umekaa kwake. Hata hapo hana ruhusa ya kuufyeka leo na kuacha udongo wako ukimwagika. Ardhi ina haki ya kutegemezwa na ardhi ya jirani, kanuni ya zamani ya Uingereza iliyoingia Tanganyika pamoja na nyingine zilizopokelewa kufikia tarehe 22 Julai 1920. Kumbuka tu kwamba haki hiyo inalinda ardhi katika hali yake ya asili. Kifusi mlichojaza wenyewe ni habari nyingine, ndiyo maana nilikuuliza nani aliujaza ule udongo.

Utasikia watu wakikwambia "umekaa zaidi ya miaka 12, ni pako". Miaka 12 ni ukomo wa kufungua shauri la kudai ardhi. Haikupi ardhi kwa kuwa kalenda imegeuka, na aliyekaa kwa ruhusa au kwa maelewano ya ujirani hahesabu miaka hiyo kama aliyekaa kwa nguvu. Ukuta uliojengwa kwa kuchangiana unanukia maelewano. Usilitamke neno la miaka 12 mbele ya Baba Rehema kabla hujakaa na wakili, kwa sababu likishatoka mdomoni, mazungumzo ya barua ya pamoja yamekufa.

Mwenyekiti wa mtaa mheshimu na mtumie vizuri. Anaweza kuwakutanisha, kuandika muhtasari, kushuhudia upimaji. Kuamua mpaka hana mamlaka. Baba Rehema akikataa barua ya pamoja, mwandikie hata hivyo, umpe siku 14, ubaki na nakala iliyosainiwa kupokelewa au shahidi aliyeona akiikataa. Kisha nenda Baraza la Kata. Tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Baraza la Kata halitoi tena hukumu ya ardhi; linasuluhisha. Mawakili hawaingii humo, na kwa mtu kama wewe hiyo ni nafuu. Likishindwa kuwapatanisha linakuandikia hivyo, na siku 30 zikipita bila suluhu unaweza kuendelea na Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huko mwenyekiti wa baraza anaweza kuagiza eneo likatembelewe na mtaalamu apime, na unaweza kuomba zuio la ujenzi wakati shauri likiendelea. Barua yako ya kuomba mpima wa pamoja itakuwa kwenye faili, ikionyesha nani alitaka kujua ukweli mapema.

Wakati hayo yanaendelea, kuna njia fupi kwa ajili ya lile shimo. Nenda Jiji, uulize kama ujenzi wa jirani una kibali. Kibali huja na michoro, na michoro huonyesha jengo litakuwa umbali gani kutoka mpaka. Kama hakuna kibali au umbali haukufuatwa, maofisa wana mamlaka ya kusimamisha kazi bila kungoja mpaka uamuliwe. Sikushauri uanze na hilo kama bado mnasalimiana, kwa sababu ni vigumu kumrudisha mtu mezani baada ya nyumba yake kupigwa X nyekundu. Lakini kama anaendelea kuchimba na alama zako za penseli zinaachana, nenda siku hiyo hiyo, na umlete mhandisi aliyesajiliwa na bodi yao aangalie kwa macho, kwa gharama yako ikibidi. Ukiona ukuta umebetuka kama tumbo, umeinama kuelekea kwake, au maji yanachuruzika kwenye ufa, ondoeni watu pande zote mbili na mpigie Zimamoto, 114. Hakuna ripoti itakayokusaidia hapo.

Nimeacha zile sentimeta 80 mwisho kwa makusudi, kwa sababu nadhani ndizo zitakazofungua mlango.

Baba Rehema hakudanganya. Alilaza futi kamba juu ya ardhi inayoteremka, akasoma alichokiona. Ila ramani za upimaji haziandiki urefu wa kutembea mlimani. Zinaandika umbali wa bapa, kana kwamba kiwanja kimenyooshwa sawa kama uso wa ziwa likiwa limetulia. Kama kutoka bikoni ya barabarani hadi ukutani mnashuka mita 7, basi mita 30 za ramani zitasomeka karibu mita 30 na sentimeta 81 kwenye kamba iliyolazwa chini. Fanya hesabu mwenyewe: 30 mara 30 ni 900, 7 mara 7 ni 49, jumla 949, na kipeuo chake cha pili ni 30.8. Sisemi kwamba ndivyo ilivyo, sijafika kwako na sijui mnashuka mita ngapi. Nasema kipimo chake, kama kilivyo, hakithibitishi kwamba umemla hata sentimeta moja, wala hakithibitishi kwamba hujamla.

Usimwambie hivyo kwa maneno. Mwite fundi mmoja mwenye mpira wa maji, ule mrefu mweupe wa kusawazishia msingi, na timazi. Anzeni kwenye bikoni ya juu. Vuteni kamba mita tatu tatu ikiwa bapa kabisa, mkihakikisha usawa kwa mpira wa maji, kisha timazi ishushwe hadi chini, mweke kigingi, mwendelee kutoka hapo, ngazi kwa ngazi hadi ukutani. Jumlisheni. Haitakuwa sahihi kama ya mpima, mtakosea sentimeta kadhaa, lakini zile 80 zitaonekana zimekwenda wapi, au zitabaki pale pale na wewe utajua mapema. Wewe shika ncha ya juu. Ya chini, mpe Baba Rehema aishike mwenyewe, na asome namba kwa sauti.